Jua Hugeuka Mzee Madoa Akitoka

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kulichungulia jua, Mwangalizi Mkuu wa kituo chetu, ambaye sote tunamwita Mzee Madoa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kuchora madoa ya jua kwa penseli. Kompyuta zikaja, vyeo vikapanda, penseli ikabaki sikioni.

Hakuna aliyekilinda chumba cha vipimo vya sumaku kama yeye. Chuma hakiingii: funguo, saa, mkanda, vyote huachwa mlangoni. Mkurugenzi wetu alipokuja kujitambulisha, alisikiliza somo zima huku ameishikilia suruali kwa mikono miwili, wala hakuuliza swali. Siku hizi hutuma msaidizi.

Lakini tuseme ukweli, jua limemwonea mzee wa watu. Kila baada ya miaka kumi na moja hivi, madoa yanapokuwa mengi kabisa, ncha za sumaku za jua hubadilishana: iliyokuwa kaskazini huwa kusini. Kuiona namba ya vipimo ikivuka sifuri kwenye skrini ndiyo hamu yake kubwa kazini. Mara ya kwanza ilimkuta fungate. Mkewe analalamika kwamba hadi leo analaumiwa yeye, kana kwamba ndiye aliyeligeuza. Mara ya pili alikuwa amelazwa, ametoka kukatwa kidole tumbo.

Safari hii alijipanga. Likizo alikataa, na harusi ya mpwa wake aliihudhuria kwa simu. Jua nalo likajivuta wiki baada ya wiki. Jumatatu iliyopita ofisi ya utumishi ikamwita mara moja tu, akapigwe picha ya kitambulisho cha mstaafu. Foleni mnazijua. Aliporudi alitukuta tumesimama mbele ya skrini, kila mmoja akimtegea mwenzake aseme. Alitutazama, akaelewa, akaketi. Kisha akacheka mpaka machozi, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Tuliumia naye.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi, kwa ukali wa mlangoni na kwa subira. Tunakutakia maisha mema, na afya ya miaka kumi na moja mingine kwa uchache. Siku zikikaribia tutakufuata nyumbani, tutakukalisha mbele ya skrini, na mlango tutaufunga kwa nje.