Askari Asiye na Cheo

Mwaka 1998, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, katika teksi, basi dogo la kutoka Kanama kwenda Gisenyi, hakuna aliyetulia. Sote tulikuwa tukichungulia migombani tukihofia waasi, isipokuwa Ndahiro, karani aliyerudi kutoka Tanzania, ambaye alikuwa akisoma riwaya. Jirani yake kitini, Mama Libérata, muuza maharage, alivumilia mpaka akashindwa.

"Papa, ile ni kitabu ya nini?"

"Cha vita, mama. Vita vya zamani, vya Ulaya."

"Vita! Vita iko hapa kwenye kilima, na we unatafuta ingine?"

"Hiki si cha majenerali," alisema Ndahiro. "Ni cha askari wa kawaida. Soksi zimelowa, ana njaa, anamkumbuka mbwa wake. Redio haituambii hayo."

Mama alikitazama kitabu. Nikadhani ameshindwa, jambo lisilo la kawaida kwa wauza maharage. Kumbe alikuwa akiwaza.

"Mutoto yangu Gentil iko mu jeshi. Akikuja, namuuliza kule iko namna gani. Anasema, 'Bon, iko muzuri,' anakula, analala." Akakigusa kitabu. "Huyu anaogopaka?"

"Sana."

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Na anarudia nyumbani?"

"Sijafika huko."

"Fungua kwa mwisho."

"Nikiujua mwisho, mama, sitaweza kuendelea kusoma."

"We hautaweza kusoma. Na mi?"

Teksi ikasimama kwenye kizuizi cha wanajeshi, tukaamriwa kushuka. Ndahiro alishuka kidole kikiwa katikati ya kurasa, na mama akimfuata nyuma: "Fungua, papa. Fungua tu."