Mzee Taratibu na Mashine Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wa chumba cha kompyuta cha maktaba yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa. Kabla sijamsifu, nikiri jambo ambalo sijamwambia hata mama: mashine namba saba niliiua mimi.

Tunamwita Mzee Taratibu. Kila aliyemletea gemu mpya aliulizwa kwanza, "Umesoma nyuma ya kasha? Inataka memori kiasi gani?" Kisha alifungua daftari lake, akatazama uwezo wa kila mashine, akapunguza ukubwa wa picha, akazima vivuli. Gemu iliyoganda kwingine, kwake ilikimbia. "Mashine kuukuu haipigwi, mjukuu wangu," husema. "Hupunguziwa mzigo."

Mimi sikusoma. Nilikuwa nimetoka shule juzi tu, najitolea pale, nikaona aibu kuuliza. Gemu ilitaka memori ya giga nane. Namba saba ina mbili. Diski ilipojaa, nikafuta mafaili nisiyoyajua ili nipate nafasi. Ikazimika, haikuwaka tena.

Bosi alimfokea Mzee mbele ya wasomaji: "Umepitwa na wakati kama hayo makopo yako!"

Daftari lake lilionyesha pia nani alikaa namba saba siku ile. Mzee akalifunga. "Nimekosea, bosi." Akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Mimi nikatulia kama maji mtungini.

Hasira haijanitoka. Najikasirikia mwenyewe, lakini bosi ndiye hasa. Haingii chumba kile ila kufoka, na ameagiza mashine zote kumi na mbili zitupwe siku hiyohiyo ya kuagana, kana kwamba mtu na vyombo vyake ni taka moja. Zawadi aliyomnunulia ni saa ya ukutani. Mtu anaacha kazi, saa ya nini?

Namba saba tuliifufua wawili, wiki nzima, bila Mzee kunikemea hata mara moja. Sasa inacheza gemu ndogo vizuri kabisa.

Asante, Mzee. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na wa kukufokea.

Kosa langu nitampelekea bosi kesho kwa maandishi, barua ile ifutwe. Lakini Ijumaa mkiona sanduku la saa linamlemea Mzee, msiulize. Saa iko kabatini, na namba saba haiendi jalalani. Bosi hutia sahihi kijarida hiki bila kukisoma, basi tafadhalini, hilo la sanduku libaki kati yetu.