Mama Umande na Kivuli cha Mkaratusi

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi ikawa darasa kwa wenye kuzingatia. Mheshimiwa mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, amani iwe juu yenu.

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu mwalimu ambaye watoto walimbandika jina la Mama Umande, kwa kuwa kila asubuhi pindo la gauni lake lilikuwa limelowa kabla kengele haijalia. Alifundisha hisabati, sayansi na jiografia, na sehemu kubwa alifundishia nje: nyuma ya jiko la shule, kando ya kijito, chini ya mkaratusi ulio karibu na uzio. Watoto walijifunza pembe kwa kutazama matawi, na mteremko kwa kufuata maji yanakokimbilia.

Sisi tuliobaki ndani tulimwonea kijicho, wala haifai kuficha. Darasa lake likicheka kule nje, madarasa yetu yote huhamia madirishani. "Huyu mama anatuibia watoto bila kuwagusa," mwalimu wa ushonaji hulalamika. Wanazuoni hutofautisha: husuda hutaka neema imtoke mwenzio, wivu mwema hutaka nawe ujaliwe mfano wake. Wetu ulipita katikati, mara huku, mara kule.

Hatukujua kuwa naye wivu huo ungempata. Muhula huu aliletwa binti mmoja, mwalimu kijana, arithi masomo yake. Mwalimu mkuu akaweka sharti: binti afundishe somo moja nje mbele yake, akishindwa, masomo yote yarudi ndani. Katika siku za mazoezi Mama Umande akawaona watoto wamemzunguka mgeni, mmoja amemng'ang'ania mkono. Alirudi ofisini uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

"Makubwa! Umeletewa mke mwenza?" mwalimu wa ushonaji akamtania.

"Mke mwenza ana afadhali," akajibu. "Huyu kachukua na watoto."

Tangu hapo, binti wa watu akiuliza jambo, hujibiwa kwa mkato.

Asubuhi ya jaribio ratiba ilibandikwa ukutani: kupima urefu wa mkaratusi kwa kivuli chake, saa sita mchana. Njia yenyewe ni nyepesi. Unasimamisha kijiti, unalinganisha kivuli chake na kivuli cha mti. Lakini msimu huu, saa sita jua husimama utosini, na kivuli hujikunyata kwenye shina. Binti hakuliwaza hilo. Mama Umande aliliona papo hapo, na hakuhitaji kutenda ubaya wowote. Kunyamaza tu kungetosha. Akakaa, chai ikapoa mbele yake, sisi tukidhani anaumwa.

Kengele ya mapumziko ya saa nne ilipolia, akainuka na kumfuata binti barazani.

"Mwanangu, jua la saa sita litakunyima kivuli. Mwombe mkuu mtoke sasa hivi."

"Jamani, mama! Mbona hukuniambia mapema?"

"Wivu, mwanangu. Haya nenda, jua halingoji mtu."

Somo lilifana, mwalimu mkuu mwenyewe alishika kijiti, na papo hapo akaamuru masomo ya nje yaendelee. Watoto walimkimbilia mwalimu wao mpya, wala hakuna aliyegeuka nyuma. Mama Umande alisimama mlangoni akiwatazama, akafuta macho kwa kiganja.

"Bado namwonea wivu," alituambia jioni ile, "ila nimeufunga kamba."

Nasi, mama, wewe ndiwe tunayekuonea wivu zaidi. Ni wachache wanaojaliwa kuiona kazi yao ikitembea kwa miguu yake wakiwa wangali hai. Tunakushukuru kwa yote. Mola akujaalie afya, asubuhi zisizo na kengele, na umri wa kuwaona watoto hawa wakiwa walimu. Nawe unayesikia au kusoma haya, Mola aibariki nyumba yako, awalinde walio ndani yake, na awarejeshe salama walio nje.