Historia ya Kaka Yetu Kipimo na Waya wa Kitufe Chekundu

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye, tunawaomba utulivu wenu kwa dakika chache tuwapitishe katika safari ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kipimo, kwa kuwa hakuwahi kugusa waya kabla ya kuupima, hata awe ameuzima umeme mwenyewe sasa hivi. Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 6 Agosti 1963, katika zahanati iliyo nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba seremala na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akamaliza sekondari mwaka 1981, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu fani ya umeme wa viwandani tarehe 30 Novemba 1984, na baba alipotutoka mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa baba yetu, akamfundisha huyu mdogo wake kushika bisibisi kabla hajajua kushika kalamu vizuri.

Tarehe 3 Machi 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha maboksi, akaanza kama msaidizi, akapanda hadi fundi mkuu wa umeme. Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na mkewe, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, na siku ya harusi alipoonekana ameinama nyuma ya spika akipima nyaya zake, wakwe waliulizana kama bibi harusi naye atapimwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1993 na kijana mwaka 1997.

Mwezi Aprili 2014 sanduku linaloongoza mashine namba tatu, ile ya kukata maboksi, liliungua, na wakala akasema jingine litachukua miezi saba kufika, kwa bei ambayo meneja aliisoma mara moja tu akavua miwani. Marehemu alikwenda dukani akarudi na kibao kidogo chenye chipu, cha aina ambayo wanafunzi huitumia kuendeshea vigari vya kuchezea, akakiandikia programu, akakiwekea relei za kuwasha na kuzima mota, na vikinga umeme, akakifunga ndani ya sanduku la bati, na kwa wiki tisa akakijaribu mezani, akiweka balbu mahali pa mota, huku wenzake wakimtania kwamba kiwanda kizima kitaendeshwa na mdoli. Yeye alicheka nao, ila jambo moja hakulifanyia mzaha, kwamba waya wa kitufe chekundu cha kusimamisha mashine usipite kwenye kibao kamwe, uende moja kwa moja kukata umeme wa mota, ili hata kibao kikipagawa mashine izimike. Alizoea kusema, "Kitufe chekundu hakiombi ruhusa kwa kompyuta."

Sanduku hilo liliwashwa Jumatatu, tarehe 14 Julai 2014, likafanya kazi vizuri kwa miezi minne, na Jumatano, tarehe 19 Novemba, kibao kiliganda mashine ikiwa inakata, dada aliyekuwa akiiendesha akabonyeza kitufe chekundu, akabonyeza tena, mashine haikusimama, akapoteza vidole vinne vya mkono wa kulia.

Hapa karatasi iliyopitishwa na kikao cha familia juzi inasema kwamba marehemu aliacha kazi kwa hiari yake, na msomaji anaomba radhi kwa kikao, sentensi hiyo hataisoma. Mjomba, naona unavyonikazia macho, niache nimalize.

Marehemu alifukuzwa. Siku ya uchunguzi sanduku lilifunguliwa mbele ya meneja na wakaguzi, waya wa kitufe ukaonekana umeingia kwenye kibao, kinyume kabisa na mchoro wake, na marehemu akautazama ule mkunjo wa ncha yake, akajua ni mkono wa nani, kwa sababu mkono huo aliufundisha yeye, kisha akasema, "Waya huo niliufunga mimi."

Hakuufunga yeye. Aliufunga mdogo wake, fundi wa zamu katika kiwanda hicho hicho, Jumamosi, tarehe 12 Julai, alipoona kebo haifiki kwenye swichi ya mota na stoo imefungwa, akauchomeka kwenye kibao kwa muda, akajaribu kitufe, mashine ikasimama, akajiambia atarekebisha Jumatatu, na Jumatatu ikapita, na wiki ikapita, nani aguse kitu kinachofanya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo aliujenga mwingine. Mdogo wake huyo ni mimi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na siku ile ya uchunguzi tulipokuwa tukirudi nyumbani kaka aliniambia, "Una mtoto njiani, nyamaza, na nyaya zilizobaki zote uzifunge nilivyokufundisha." Nikanyamaza miaka tisa na zaidi. Niliona aibu jana, na naona aibu leo.

Tangu hapo marehemu alitengeneza redio barazani kwake, na watu walipita wakinong'ona kwamba ndiye aliyemkata mtu mkono, na binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili akisomea umeme, alichoka kuulizwa kama ni mtoto wa yule fundi, akaacha, akahamia masomo mengine. Shemeji, ulimuuliza mara nyingi mtu makini kama yeye alikosea vipi, naye akakujibu kwamba binadamu huchoka. Hakuchoka. Alikuwa ananificha mimi.

Mwezi Juni 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, alituacha akiwa wodini, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokaa nasi tangu siku ile, na wafanyakazi wenzake waliofika, na kwa namna ya pekee dada yetu wa mashine namba tatu, aliyeketi benchi la tatu, aliyekuja kumzika mtu aliyedhani ndiye aliyemdhuru, na aliyekuwa amekwisha kumsamehe. Dada, msamaha ule ulikwenda kwa mtu asiyekukosea. Nimesimama hapa, sikuombi unipe mimi, ila ujue ni nani wa kumdai.

Kaka, pumzika kwa amani, mzigo ule si wako tena, mwenyewe ameuchukua.