Barua ya Apolonia Ligomba Kuhusu Kilele cha Mto

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusoma kina cha Mto Kilombero, Bi. Apolonia Ligomba anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila kuna jambo ambalo nikiliacha nje ya kijarida hiki nitakuwa nimewasaidia waliolificha.

Alizaliwa Kisawasawa, akaajiriwa mwaka 1991. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikwenda kwenye nguzo ya kupimia iliyosimikwa mtoni, akaandika maji yamefika wapi. Siku ya harusi yake alisoma kwanza, kisha akaingia kanisani na tope kisiginoni. Tulimwita Mama Sentimita, naye aliitika.

Mwaka 2019 kamati moja ya ujenzi ilipanga kujenga wodi ya wazazi karibu na mto. Sakafu ingekaa kwenye kimo ambacho maji hukivuka mwaka mmoja tu kati ya ishirini. Wakasema hapo ni salama. Bi. Apolonia akawaandikia barua ya ukurasa mmoja. Alieleza kwamba hiyo moja kati ya ishirini ni hatari ya mwaka mmoja, na wodi itasimama miaka thelathini. Cha kuuliza ni kilele cha maji kilicho kikubwa kuliko vyote katika miaka hiyo, na uwezekano wa kilele hicho kuivuka sakafu ulizidi robo tatu. Akashauri waipandishe kwa mita moja na robo, mpaka pale ambapo hatari ya mwaka mmoja haizidi moja kati ya mia tatu. Ukiijumlisha mara thelathini haitapita moja kati ya kumi, hata kama miaka ya mafuriko itafuatana.

Nilikuwepo alipoipeleka. Mwenyekiti hakuifungua.

"Mama, wewe soma maji," alimwambia. "Ujenzi tuachie sisi."

"Sawa," Bi. Apolonia akajibu. "Ila watakaolala humo si ninyi."

Maji yaliingia wodini Aprili, mwaka wa nne tangu ifunguliwe. Muuguzi Frida aliwatoa akina mama saba kwa mtumbwi. Mmoja wao alijifungulia humo humo mtumbwini. Namshukuru Mungu mtoto yu hai. Vitanda na dawa vilikwenda na maji. Ripoti ya kamati ikasema mafuriko hayo "hayakutarajiwa na mtu yeyote." Mtu yeyote. Na barua ilikuwa ndani ya faili lao, ina muhuri wa kupokelewa.

Bi. Apolonia hakugombana na mtu. Alichukua nakala yake, akapanda bodaboda hadi mkutano wa kijiji, akaisoma mbele ya watu wote. Wale akina mama saba wakakataa kuondoka mpaka kimo alichoshauri kiandikwe kwenye muhtasari.

Wodi mpya imejengwa kwenye kimo hicho hicho. Kwenye jiwe la uzinduzi yamechongwa majina kumi na moja, na lake halimo. Nilipomuuliza kama haimuumi, aliniambia wodi ni kavu, niachane nayo. Nimeshindwa kuachana nayo, dada Apolonia, utanisamehe.

Asante kwa siku zaidi ya elfu kumi na mbili za kazi. Nenda nyumbani Kibaoni ukiwa na afya, wajukuu wakuzunguke, mpunga wako ukubali, na yeyote atakayekuja kukuomba ushauri akae chini ausikilize hadi mwisho.

Evod Matimba, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake