Kiti cha Dirishani, Basi la Twiga

DADA: Haloo? Mama Pasi hapa! Nani mwenzangu?

MDOGO: [kimya]

DADA: Haloo! Sema basi, mashuka yananisubiri—

MDOGO: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Kumbe wewe, mdogo wangu! Marahaba. Mbona namba ngeni?

MDOGO: Simu yangu imezima chaji, nimeazima kwa msusi. Umejiita nani hapo mwanzo?

DADA: Mama Pasi. Hoteli nzima hawajui jina lingine. Ikilia simu ya ukutani, ikilia ya mkononi, napokea hivyo hivyo. Kwani leo ndiyo umesikia?

MDOGO: Nitasikia saa ngapi? Nikibonyeza namba yako tu, mwanao keshaninyang'anya simu.

DADA: Yuko wapi huyo Chiriku wangu?

MDOGO: Uani, anapanga viti. Dada, nilikuwa nataka nikuambie kitu kabla hujasikia kwa—

DADA: Twiga alikuwaje?

MDOGO: Twiga gani?

DADA: Nakuuliza. Twiga alikuwaje?

MDOGO: Nani kakuambia?

DADA: Fundi viatu. Kaniambia kawaona kituoni, mmetoka bustani ya wanyama, Chiriku kavaa masikio ya karatasi kichwani, umembeba mgongoni kama mfalme. Akacheka kweli. Na mimi nikacheka. Nikakata simu, nikaunguza foronya.

MDOGO: Fundi viatu naye! Mdomo hauna kifungo.

DADA: Kifungo kilikuwa mdomoni kwako. Siku tatu hizi umenyamaza kama maji ya mtungini.

MDOGO: Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

DADA: Ungeanzia nyumbani, kabla hamjatoka. "Dada, nakwenda na mwanao." Maneno mangapi hayo?

MDOGO: Ungesema hapana.

DADA: Ndiyo! Ningesema hapana! Ile safari ni yangu, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwahidi. Madereva wa hoteli nimewauliza mpaka wakanichoka, basi gani, linapita wapi, mtu anashuka wapi. Mimi mwenyewe sijawahi kufika. Nilitaka tumwone twiga pamoja, mimi na yeye, wote washamba, wote midomo wazi. [mvuke unafoka] Wewe ukaona uniwahi.

MDOGO: Likizo yako imeahirishwa mara ngapi?

DADA: Usinigeuzie kibao. Ninaahirisha mimi?

MDOGO: Sijasema ni wewe. Nasema mtoto. Kila ukipiga kusema huji, anatoa viti vyote nje, anavipanga mstari, anasimama mlangoni anapiga kelele: "Wa twiga! Wa twiga! Basi linaondoka!" Mpaka mwenye nyumba anapandishwa, mzee wa watu na fimbo yake. Na kiti cha mbele, kile cha dirishani, hakaliwi. Ukikalia anakushusha.

DADA: Kwa nini?

MDOGO: Anasema kina mwenyewe.

DADA: [pasi inagonga meza]

MDOGO: Dada? Haloo? Mtandao huu—

DADA: Nipo. Kwenye basi lenyewe mlikaa wapi?

MDOGO: Mbele.

DADA: Mbele wapi?

MDOGO: Dada, kukaa ni kukaa tu—

DADA: Dirishani?

MDOGO: Nilimpakata. Basi lilijaa.

DADA: Dirishani, nakuuliza!

MDOGO: Dirishani, ndiyo.

DADA: Haya. Umekaa kwenye kiti changu, umempakata mwanangu, umemwonyesha twiga wangu. Kimebaki nini? Nitume na gauni langu ulivae?

MDOGO: Usiniseme hivyo.

DADA: Nikusemeje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

MDOGO: Na homa yake ya usiku aijuaye nani? Alipoota jino la kwanza ulikuwa wapi? Alipomeza kifungo nani alimning'iniza kichwa chini? Mimi sijazaa, sawa. Lakini mgongo huu una umbo lake. Halafu kila jioni naambiwa twiga ni wa mama, basi ni la mama, kiti ni cha mama. Na mimi ni wa nini? Mfuniko wa chungu cha mwenzangu?

DADA: Kumbe.

MDOGO: Kumbe nini?

DADA: Kumbe ulikwenda ili uwe wa kwanza.

MDOGO: [mtandao unakwaruza]

DADA: Usijifiche kwenye mtandao, nakusikia unapumua. Basi sikiliza. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Kuna chumba nyuma ya nyumba ya mpishi, tutabanana. Sitaki tena kulelewa mtoto.

MDOGO: Dada...

DADA: Nimemaliza.

MDOGO: Mimi sijamaliza. Alipotea.

DADA: Nani?

MDOGO: Chiriku. Kule kule, bustanini.

DADA: Unasema nini wewe?! Yuko wapi mwanangu—

MDOGO: Si nimekuambia yuko uani! Yuko uani, mzima, ana viti vyake. Nisikilize, salio la watu hili. Tulifika, na yeye ndiye aliyenifikisha. Njia nzima anaisoma: "Basi la kwanza mpaka mnara wa maji. Tunavuka tumeshikana mikono. La pili mpaka abiria wote washuke. Halafu tunafuata ukuta mpaka tusikie ndege." Maneno yako yale yale, na kukohoa kwako katikati. Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, nilisikia kijiwivu.

DADA: Akapoteaje?

MDOGO: Kwa twiga palikuwa na watoto wengi, wote wamevaa masikio ya karatasi. Nikajua yumo humo. Nikakaa nivue kiatu, kilikuwa kinanibana. Mara kipaza sauti kikalia: "Mama Pasi! Mama Pasi! Mwanao yuko getini anakusubiri."

DADA: Jina langu hilo!

MDOGO: Kikarudia. "Mama Pasi, njoo getini." Na mimi nimekaa, nasugua kidole, namwambia mama wa pembeni: "Huyo ni mama gani asiyesikia? Mtoto wa watu analia huko, yeye anatazama wanyama." Tukasikitika wote wawili. Tukatikisa vichwa.

DADA: Mungu wangu.

MDOGO: Mpaka wale watoto wenye masikio wakaondoka na mwalimu wao. Nikabaki na twiga peke yangu.

DADA: Ukafanyaje?

MDOGO: Nilikimbia na kiatu kimoja! Nikapita mamba, nikapita nyani, wakanizomea. Nikamkuta getini amekaa juu ya meza ya walinzi, ananing'iniza miguu, anakula biskuti. Hajalia hata kidogo. Mama wa getini akamuuliza: "Huyu ndiye mama yako?" Unajua alijibu nini?

DADA: Usiniambie.

MDOGO: Alisema: "Huyu ni mama mdogo. Mama yangu ni Mama Pasi. Anakuja na basi." Akageuka, akaendelea kutazama barabara.

DADA: Chiriku wangu.

MDOGO: Hawakunipa mtoto, dada. Ilibidi nitaje kovu la gotini na alama ya mgongoni, kama mwizi anayedai kuku. Siku tatu nilinyamaza kwa hilo. Sikutaka ujue kwamba alikuita wewe. Leo umepokea simu, "Mama Pasi hapa," nikasikia kwa masikio yangu. Ulimi ukaganda.

DADA: [anapenga kamasi] Ni mvuke huu.

MDOGO: Najua.

DADA: Kiatu ulikipata?

MDOGO: Kilibaki kwa twiga.

DADA: [anacheka, anakohoa] Mshamba wewe!

MDOGO: Na basi la kurudi nililipanda hivyo hivyo. Kwa hiyo fundi viatu hakukuambia kwamba nilikuwa mguu mmoja pekupeku?

DADA: Hilo alilificha. Alisema mfalme tu.

MDOGO: Dada. Mwisho wa mwezi... chumba hicho cha nyuma ya mpishi. Kina dirisha?

DADA: Dirisha?

MDOGO: Nauliza tu. Mtoto anapenda dirisha.

DADA: Mdogo wangu, mimi—

MDOGO: Ngoja, huyo anakuja. Kashaona simu. Polepole, we mtoto, simu ya watu—

CHIRIKU: Haloo? Mama Pasi?

DADA: Chiriku wa mama! Mzima?

CHIRIKU: Mzima. Mama, twiga ana ulimi mweusi! Lakini sikumwangalia mwili mzima. Nimekubakizia miguu.

DADA: Umenibakizia... asante, mwanangu. Nakuja. Jumamosi hii, wakatae wasikatae. Panga viti.

CHIRIKU: Nimeshapanga! Wewe unakaa dirishani.

DADA: Hapana. Mimi nitakupakata. Dirishani anakaa mama mdogo.

CHIRIKU: Kila siku?

DADA: Kila... [tii, tii] Nini hiyo?

CHIRIKU: Simu inalia tii. Mama mdogo! Amesema dirishani ukae wewe!

MDOGO: Nani kasema?

CHIRIKU: Mama Pasi! Jumamosi! Njoo ukalie uone!

MDOGO: Lete hapa, salio linaisha— Haloo? Dada? Umesema kila siku? Haloo?