Nyimbo Kumi na Moja za Mama Kipimo

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Machi 1987, marehemu alirekodi wimbo wake wa kwanza ndani ya maabara ya udongo alikoajiriwa. Ili pawe kimya alizima tanuri la kukaushia sampuli, kisha akasahau kuliwasha. Vipimo vya sampuli arobaini viliharibika, naye akaandika barua ya kukiri kabla hajaulizwa. Mkuu wa maabara alimwita, akamtaka achague udongo au nyimbo, maana mshika mawili moja humponyoka.

"Nimeshachagua, mzee," alijibu. "Nitaimba Jumamosi."

Aliimba Jumamosi kwa miaka thelathini na mitano.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Nyimbo alifunzwa na bibi yake mzaa mama, jikoni, wakichambua maharage. Sekondari alikuwa msichana pekee katika darasa la kemia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1982, na ya uzamili katika sayansi ya udongo mwaka 1984.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi redio, ambaye ndiye aliyerekodi albamu zake zote, chumbani kwao, magodoro yameegemezwa ukutani. Kila wimbo aliuimba mara tatu, kwa kuwa kipimo kimoja si kipimo. Wanafunzi aliowafunza maabarani wakamwita Mama Kipimo. Kabla ya kuimba alitaja tarehe, joto la chumba na aliyemfunza wimbo huo. Mumewe alilalamika kwamba watu hawanunui kanda ili wajue joto la chumbani kwake. Akimwambia wimbo umetoka vizuri, waende wakale, alijibiwa kwamba vizuri si matokeo.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Daktari alitaka kumpasua wiki hiyohiyo, akamweleza bayana kwamba sauti haitabaki. Marehemu aliomba wiki sita. Nyimbo kumi na mbili za bibi yake zilikuwa hazijarekodiwa, na hakuna mwingine aliyezijua. Kaka yake mkubwa alimsihi apasuliwe mara moja, hata akamgombeza.

"Kaka, mimi nina watu wa kunizika," alimwambia. "Nyimbo hizi zina mimi tu."

Alirekodi kumi na moja. Wiki ya tano pumzi ilimbana, akapasuliwa kwa dharura. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Alipozinduka hakuwa na sauti. Wimbo uliosalia, wa kubembeleza mtoto, aliandika maneno yake kwenye karatasi. Binti yake alikaa kando ya kitanda akijaribu kuuimba kwa mahadhi haya na yale, na kila mara mama alitikisa kichwa. Siku ya nne aliandika: "Basi, mwanangu. Tusiwape watu cha kubuni."

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64. Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na kaka yake. Mungu ampokee na ampumzishe.

Albamu yake ya mwisho itatoka mwezi Mei, ikiwa na nyimbo kumi na moja. Wimbo wa kumi na mbili utachapishwa maneno yake peke yake.